Neptuni si buluu kiasi hicho

Kwa zaidi ya miaka 30 vitabu na mabango vimetuonyesha Neptuni ya buluu nzito na Uranusi ya kijani hafifu. Januari 2024 timu ya Patrick Irwin wa Chuo Kikuu cha Oxford ilitumia vipimo vya darubini ya angani ya Hubble na darubini ya VLT iliyoko Chile kusahihisha picha za Voyager 2, chombo kilichozipita sayari hizo mbili. Ikabainika kuwa sayari hizo zinakaribiana sana: zote ni buluu-kijani iliyopauka, Neptuni ikizidi buluu kidogo tu.

Wapo waliosema tulidanganywa. Mimi sikubali, maana kamera ya Voyager 2 haikupiga picha za rangi hata kidogo. Ilipiga picha za nyeusi na nyeupe, pikseli 800 kwa 800, moja baada ya nyingine, kila moja kupitia kichujio chake: cha urujuani, cha buluu, cha kijani, cha rangi ya chungwa. Chekundu hakikuwapo. Rangi ilitengenezwa huku duniani kwa kuziunganisha, na lazima mtu aamue kila kichujio kipewe uzito gani. Agosti 1989, chombo kilipoipita Neptuni, watafiti walitaka kuona mawingu yake na dhoruba iitwayo Doa Kubwa Jeusi, vitu ambavyo katika rangi ya kawaida vinamezwa na ukungu, kwa hiyo wakazikoleza rangi za picha. Kukoleza hakuongezi hata pikseli moja, ila hutenganisha vivuli ambavyo tayari vimo ndani ya picha. Bila hivyo, macho yangepita tu.

Hata hivyo, wanaolalamika wana hoja ambayo haijajibiwa. Picha za Uranusi za mwaka 1986 zilitolewa zikiwa karibu na rangi yake, za Neptuni zikakolezwa, kisha vitabu vikaziweka ubavuni kama zimepimwa kwa kipimo kimoja. Maelezo ya kukoleza yalikuwapo tangu mwanzo. Picha ilisafiri, maelezo yakabaki nyuma.

Kwa hiyo sioni sababu ya kupiga marufuku ukolezaji. Baadhi ya picha za Curiosity, kigari cha utafiti kilichoko Mirihi, hurekebishwa zionekane kana kwamba miamba imemulikwa na mwanga wa duniani, ili wanajiolojia waitambue, na ni msaada mkubwa. Ninachodai ni mambo mawili: toleo lisilokolezwa litolewe siku ileile, na neno “imekolezwa” liandikwe ndani ya picha yenyewe, si chini yake, ambako mchapishaji hulikata kwa sekunde moja.