Meno yangu ya njano na maneno ya watu wa Bombo

Mjukuu wangu amenichora. Ana miaka mitano, ndiyo kwanza ameanza shule hapa Leicester, Uingereza, mwalimu kawaambia wachore mtu wa nyumbani kwao akanichagua mimi, na mimi nikaanza kuvimba kichwa kabla hata sijaiona karatasi. Kofia ya sala ipo, ndevu zipo, tumbo lipo kubwa kuliko haki yake, halafu mdomo wazi na meno yote njano. Njano ya boga. Nikamuuliza mbona hivi na karatasi yenyewe ni nyeupe, si ungeacha tu, akaniangalia kama nimeuliza swali la kitoto akasema, "Jjajja," yaani babu, "si ndiyo rangi yake?"

Hajakosea. Mimi ni wa 1963, miaka kumi na tisa nimeshika usukani wa lori, Malaba mpaka Kampala halafu baadaye Elegu mpaka Juba, na mnajua wenyewe lori la usiku linaendeshwa na nini: sigara, chai ya rangi nzito kama oili chafu, na mairungi, yaani miraa, ndiyo, sitajifanya sheikh hapa. Ongeza na umri. Daktari wa meno alinieleza kwamba jino lina gamba gumu la juu, enameli, linalopitisha mwanga kidogo, na chini yake kuna dentini ambayo yenyewe kwa asili ni ya njano, sasa miaka inavyokwenda gamba linalika linakuwa jembamba na ile njano ya ndani inaanza kuonekana. Yaani hata ningekuwa imamu asiyejua sigara bado ningefika hapahapa, ningechelewa tu.

Basi nimeamua kuyang'arisha. Nina miaka 62. Nilipomwambia dada yangu kwa simu, kabla ya magharibi Bombo nzima, mji wetu kule Uganda, ilikuwa na habari, na ndiyo maana naandika, nimechoka kujibu voisi za WhatsApp za mtu mmojammoja.

Kwanza nyie mnaosema eti nimekuwa mzungu. Aliyenitia jambo hili kichwani si mzungu, ni mama wa Kihindi wa Jinja. Kazi yangu huku ni kuendesha basi dogo linalowachukua wazee asubuhi kuwapeleka kwenye kituo chao cha kushinda mchana na kuwarudisha jioni, na yeye ni abiria wangu, miaka 78. Familia yao iliondoka 1972, zile siku tisini Idi Amin alizowapa Wahindi waondoke Uganda, na mimi wakati huo nilikuwa mtoto wa miaka tisa Bombo, baba askari, kwa hiyo siku alipojua mimi ni Mnubi, kabila la askari wengi wa Amin, ndani ya basi kulikuwa kimya mpaka tukapita taa tatu. Halafu akaniuliza kwa Kiswahili, Kiswahili kile cha dukani, "Wewe najua pika chapati?" Tukaanzia hapo. Mji huu huu, baraza lake lilitoa tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus mwaka uleule kuwaambia Wahindi wa Uganda wasije, wakaja tu, leo ukitaka mogo ya kukaanga, muhogo wetu uleule, Leicester huna haja ya kuuliza njia.

Siku moja anacheka, namuona kwenye kioo, meno yake mwenyewe na meupe. Akasema aliyafanya akiwa na miaka 75 kwa sababu ya harusi ya mjukuu. Mimi nami nikacheka, lakini nimeweka mkono mdomoni, na sikujua kama huwa naweka mkono mdomoni mpaka aliposema, "Dereva, meno yako iko nguvu, iko chafu tu. Kwa nini naficha?"

Hapo ndipo ilipo tofauti ya kwetu na huku ninayoisema mimi, na wala si ya pesa kama mnavyodhani. Kwetu daktari wa meno ni mtu unayempelekea jino likishakufa. Hakuna anayekwenda akiwa mzima. Wiki ya kwanza unaweka karafuu, wiki ya pili unasaga panadol unajaza kwenye tundu, wiki ya tatu shavu limefura kama embe unafungwa leso unapelekwa, na ukifika unaulizwa neno moja tu, lipi? Jino langu la kwanza kung'olewa ni 1979, Amin ameangushwa, tumekimbia, habari za mwaka ule na watu wa Bombo mnazijua sina haja ya kuzirudia, tuko Yei upande wa Sudan, nina miaka kumi na sita, dresa mmoja, mfunga vidonda, aliyekuwa zamani kwenye kambi ya jeshi akanikalisha juu ya jerikeni, wajomba wawili wakanishika, sindano ya ganzi hakuna. Lilikuwa na tundu dogo. Leo najua lile jino lilikuwa la kuziba, si la kung'oa. Tangu siku ile mpaka naondoka nyumbani 2012, miaka thelathini na tatu, sikuwahi kukaa kwenye kiti cha meno bila kuwa nimeumia.

Huku watu wanakwenda hawaumwi! Wanakwenda kuangaliwa. Mara ya kwanza binti yangu alinilazimisha, nikakaa, daktari akauliza wapi panauma, nikasema hapaumi popote, na nikaona aibu kama mtu aliyeingia kwenye msiba wa marehemu asiyemjua. Halafu nikawa namhesabu dada yangu kichwani, meno ya juu saba hana, shangazi hana hata moja, baba alizikwa na manne.

Sasa msije mkasema najidai. Sisemi Uingereza ni pepo. Kumpata daktari wa meno wa serikali anayepokea mtu mpya mimi nilipiga simu kliniki kumi na moja, na magazeti yao wenyewe yanaandika habari za watu wanaojing'oa meno nyumbani kwa koleo, nchi ya mfalme hii! Nikisoma habari hizo nasema afadhali mimi wa Yei, angalau nilikuwa na dresa. Na kung'arisha meno kwa ajili ya sura serikali hailipii hata senti, ni mfukoni mwako. Nimelipa pauni 320. Haya, pigeni hesabu kwa shilingi, najua mmeshapiga, ni karibu milioni moja na nusu.

Ila nilichokipenda ni kwamba kuna sheria. Dawa yenyewe inaitwa haidrojeni peroksaidi, na ikizidi asilimia 0.1 haiuziwi mtu wa kawaida, ni ya madaktari wa meno waliosajiliwa na watu wanaofanya kazi chini yao, na hata wao mwisho wao ni asilimia 6, tangu 2012. Saluni ya kucha ikikufanyia ni kosa, inapelekwa mahakamani. Kwetu je? Pale takisi paki yule bwana mwenye kipaza sauti anauza chupa isiyo na maandishi, inaua minyoo, inatibu fizi na inang'arisha meno, elfu tano. Na nyie mnaonitumia voisi za mkaa na ndimu, jamani, ndimu ni asidi, inakula enameli, na enameli ikishaondoka hairudi, kwa hiyo unasugua leo yanang'aa kidogo, baada ya miaka miwili ile njano ya ndani imekaribia nje kuliko mwanzo. Mswaki wa mti hapo sawa, huo siubishii, natumia mpaka leo.

Zoezi lenyewe la kung'arisha halina maajabu. Kabla ya dawa walinikwangua ukoga wote, wakaziba tundu moja, wakaangalia fizi, maana fizi zangu zimepanda kama za wazee wote na ile sehemu ya mzizi inayoonekana haibadiliki rangi hata ufanye nini, aliniambia mapema ili nisije kumdai. Halafu kuna safu ya vijino vya mfano vya rangi, anakushikia kimojakimoja mdomoni kama fundi anayelinganisha rangi ya ukuta. Mimi nilikuwa A4. Kwenye kundi lake hakuna iliyokolea zaidi ya hiyo. Ukapimwa umbo la meno, ukatengenezewa vibakuli vya plastiki laini, unatia dawa kidogo kama punje ya mchele kila jino, unalala navyo. Wiki tatu. Maji baridi yanakata kama wembe siku za mwanzo na binzari huli, hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote, yule mama wa Jinja ananiletea kopo la mchuzi nalirudisha, amekasirika kama mimi ndiye niliyemfukuza.

Haya, tuje kwa wenye hoja. Mmoja anasema mzee akianza kujipamba meno anatafuta mke wa pili. Ndugu yangu, kwa kazi yangu ya kuamka saa kumi alfajiri huyo mke wa pili ningemuona saa ngapi? Mwingine kaleta dini, na huyu nimemjibu kwa heshima kwa sababu nimesoma madrasa moja na yeye: katazo lililo kwenye hadithi ni la kuchonga meno kutia mwanya kwa ajili ya urembo. Mimi sijachonga kitu. Naondoa moshi wa Elegu. Wa tatu anasema uzee ni heshima, kwa nini niuonee haya. Hapo ndipo ninapokasirika hasa, maana anayesema hivyo namjua, piko lake kichwani ni jeusi kuliko tairi jipya, na akienda kwenye mikutano anapaka mpaka masharubu! Dada yangu mwenyewe hina haikosi, miaka 66, na nani amewahi kumwambia anakimbia uzee? Nywele ruhusa, ila meno ni umzungu. Nimetafuta sababu nimeikosa, isipokuwa kwamba kwetu meno tumeshazoea kuyaaga, ukishaitwa jjajja watu wanategemea yaanze kuondoka, na ukionekana unayatunza ni kama umekata kwenye foleni.

Wa nne ni dada. Yeye hakuleta dini wala mke. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Hizo pesa si zingeniwekea mimi meno?"

Nilijibu vibaya. Nilimhesabia. Mabati, karo za watoto watatu, matanga, figo ya mjomba, kila mwezi tangu 2012 sijakosa mwezi, na mara moja tu nimenunua kitu cha mdomoni mwangu mwenyewe inakuwa kesi. Nyinyi mlio nje mnajua hesabu hii, tunayo kichwani siku zote tukisubiri mtu atuchokoze tuisome. Alininyamazia akakata simu. Na nilipotulia nikaona, sawa, nimechoka kweli, lakini yeye anatafuna upande mmoja miaka kumi na miwili, nyama ya Idi anaisagia kwenye kinu, na mimi nilikuwa sijawahi kumuuliza. Nilikuwa namhesabia meno yasiyokuwepo kila nikikaa kwenye kiti cha daktari, ila simu ya kumuuliza sikupiga.

Sasa sikilizeni na hili limenipata. Jino langu moja la mbele si langu. 2009 ndoano ya kamba ya turubai ilifyatuka mpakani ikalivunja nusu, daktari mmoja wa Kampala akalisaga akalivisha kofia ya kaure, kazi nzuri, haijawahi kutikisika, na kwa vile alikuwa fundi aliilinganisha na majirani zake, yaani aliitengeneza njano. Peroksaidi haigusi kaure. Wala kuziba, wala meno ya bandia, inabadilisha jino la kuzaliwa tu. Daktari wa huku alinionya lakini mimi nilikuwa nimeshalipa kichwani. Kwa hiyo sasa hivi nimefika A2, meno yamekaa vizuri wallahi, na katikati lipo moja la Kampala, limebaki na rangi yake ileile ya zamani. Mjukuu ananichora tena, safari hii anaishika kalamu ya njano mara moja tu anaiweka chini.

Kubadilisha kofia hiyo hapa nimetajiwa bei sitaisema, dada anasoma. Kampala ni nafuu mara kadhaa na fundi wangu bado yupo, nimempigia, akasema nije baada ya kumaliza dawa na kusubiri angalau wiki mbili rangi itulie ndipo alinganishe. Desemba naenda. Na nimemwambia dada aje naye apimwe ufizi atengenezewe meno ya juu, yale ya kuvaa na kuvua, mimi nitalipa na hesabu yake haitasomwa.

Alikaa kimya kidogo, halafu akauliza meno ya bandia huwa rangi gani. Nikamwambia unachagua mwenyewe, kuna rangi ya umri wako na kuna meupe kabisa.

Akasema meupe kabisa.