Wilibesi ya gari la udongo: tepu inapima gari lililosimama

Kwenye viwanja vya mviringo vya udongo vya Marekani, kama Eldora kule Ohio, gari hukata kona za kushoto tu tangu bendera ya kijani hadi ya mwisho. Ndiyo maana wilibesi, yaani umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma, si lazima ilingane kulia na kushoto. Na hapo ndipo mafundi wanapogawanyika: wachague mikono ya saspenshoni wanayotaka (vyuma vinavyoshikiza magurudumu kwenye chesisi, yaani fremu ya gari) na kuhamisha magurudumu, au wabaki na vipuri vya kiwandani?

Chukua chesisi ya General Motors ya 1978 hadi 1988, ile iliyobeba Chevrolet Monte Carlo. Wilibesi yake ni inchi 108 na ushei, karibu sentimita 275. Wanaotetea vipuri vyake vya asili wana hoja nzito. Bei ni nafuu na ukaguzi ni rahisi, tena kanuni nyingi za madaraja ya chini ya mbio huruhusu tofauti ya inchi 1 tu kati ya pande mbili. Halafu gurudumu halihami peke yake. Ekseli ya nyuma ikisogezwa mbele, propela shafti, ile inayopeleka nguvu nyuma, inazama zaidi kwenye giaboksi na inaweza kugonga. Mbele nako, ukisogeza bolijointi ya chini (kiungo kinachoshika gurudumu kwenye mkono) umebadili kasta, yaani mwinamo wa mhimili ambao gurudumu hugeukia, na pembe ya tairodi, fimbo inayogeuza magurudumu, na gari linaanza kujigeuza lenyewe bila usukani kila likipita shimo.

Upande wa pili hutaja uzito. Gari la kilo 1,450 lililogawana uzito nusu kwa nusu, ukisogeza magurudumu yake ya mbele sentimita 2.5 kwenda mbele, hupeleka nyuma kilo 6 na nusu hivi. Ni kidogo, na kwa hilo peke yake nisingenunua mkono mpya.

Jambo kubwa liko kwenye kona. Mkono wa nyuma kushoto wenye sentimita 40, ulioinuka nyuzi 15 kuelekea mbele, unachukua sentimita 38.6 kwa mlalo. Gari likikata kona na bodi ikinyanyuka upande huo sentimita 6.5, mkono unafika nyuzi 25 na mlalo unabaki 36.3. Gurudumu la kushoto limevutwa mbele karibu inchi nzima, yaani karibu tofauti yote inayoruhusiwa, na hakuna aliyegusa boliti. Magurudumu ya nyuma sasa yanatazama kulia, mkia unasukumwa nje, pua inaingia kona. Mkono mfupi zaidi hufanya hivyo kwa ghafla. Mrefu humpa dereva nafasi ya kuusoma mwendo huo.

Kwa hiyo kanuni ya inchi 1 inalinda mfuko wa mwenye gari, na hilo naliheshimu, lakini hailingani na kinachotokea mbioni. Anayeanza namshauri abaki na urefu wa kiwandani, abadilishe kwanza bushi za mpira zilizochoka kwenye ncha za mikono, maana hizo huiacha ekseli itangetange bila mpango. Mkono wa urefu mwingine asubiri hadi apime mwendo wa gurudumu. Chesisi ikae kwenye stendi, springi itolewe, ekseli ishikwe na jeki. Ning'iniza timazi katikati ya gurudumu, weka alama ya chaki sakafuni. Shusha jeki sentimita 6.5, weka alama ya pili. Umbali kati ya chaki hizo mbili ndio mabadiliko ya wilibesi atakayokuwa nayo dereva katikati ya kona.