Muuzaji wa hita ya sola hakuniuliza habari ya maji

Anayedhani Dodoma ni joto mwaka mzima hajaoga huku saa kumi na moja alfajiri mwezi wa Julai. Upepo unavuma usiku kucha, tangi lililo juu ya mnara linapoa kama jiwe, na ukifungua bomba unaoga kwa kurukaruka.

Shawa ya umeme niliitumia miaka miwili. Ile ya kilowati 5.5, ukikaa chini yake dakika kumi umekula karibu yuniti moja ya LUKU, nasi tuko watano. Hilo ningelivumilia. Lakini maji yetu ni ya kisima, yana chumvi, na maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri mno: ukigusa koki unasikia sisimizi wanatembea mkononi. Baada ya kuunguza elementi ya tatu nikaenda kutafuta hita ya sola.

Muuzaji aliuliza mko wangapi nyumbani, kisha akauliza bajeti. Basi. Habari ya maji yanatoka wapi haikumhusu, na kwa maoni yangu, kwa mtu wa Dodoma, hilo ndilo lilipaswa kuwa swali la kwanza. Jua tunalo la kugawa.

Chukua hita ya paneli bapa. Ni sanduku lenye bati jeusi chini ya kioo, na mgongoni mwa bati kuna vibomba vya shaba vyembamba kama kidole cha mtoto. Maji yakipata moto humo huwa mepesi, yanapanda yenyewe hadi kwenye tangi, hakuna pampu. Ni kitu imara, na ningekuwa na maji laini ningechukua hiyo bila kuuliza mara mbili. Ila tazama ndani ya birika lako la chai. Ule ukoko mweupe uliogandia chini ndio utakaojijenga ndani ya vibomba vile, na huko brashi haifiki. Ya jirani yangu iliziba ndani ya miaka mitatu. (Zipo ambazo kimiminika kingine huzunguka kwenye paneli na maji ya kuoga hayapiti humo kabisa. Ni nzuri, bei yake tu ndiyo ilinirudisha nyumbani.)

Mimi nilichukua ya mirija ya vioo, ambayo maji hupata moto ndani ya mirija yenyewe. Muuzaji aliisifia kwamba haipotezi joto hata kwenye baridi kali, sifa ya kumwambia mtu wa Ulaya. Nilichopenda ni tundu la mrija: ndani lina upana wa zaidi ya milimita 40, na mrija unachomoka, unaoshwa, unarudishwa. Ukipasuka unanunua mmoja.

Na inapasuka, kama mafundi wangu walivyonionyesha. Walimaliza kuipachika saa saba mchana, jua la utosi, tangi tupu, wakafungua maji. Paa! Mirija minne kwa mkupuo. Mrija mkavu ukikaa juani ndani yake hupita nyuzi 200, maji ya baridi yakiingia ghafla kioo hakistahimili. Jaza alfajiri, au funika kwa turubai tangu asubuhi.

Halafu walikuwa wameielekeza kusini, eti ndiko mbele ya nyumba, ipendeze. Sisi tuko kusini mwa Ikweta. Mwezi wa Juni, wakati ule hasa unaohitaji maji moto, jua la saa sita hapa Dodoma limeegemea kaskazini karibu nyuzi 30. Ikageuzwa, nikalipa tena. Kuhusu uzito, lita 200 ni kilo 200 kabla hujahesabu tangi lenyewe, kwa hiyo kenchi zangu ziliongezwa mbao.

Kitu ambacho wengi hawaambiwi ni ile fimbo ya magnesiamu ndani ya tangi. Imewekwa iliwe yenyewe badala ya chuma cha tangi, na maji ya chumvi yana njaa. Yangu naikagua kila Mei, siku hiyohiyo ninayochomoa mirija. Mwaka huu chini ya mirija nilikung'uta unga mweupe karibu kikombe kizima, nikauacha barazani ukauke. Mama mkwe alipofika akauchukua kwa vidole viwili, akauchungulia, akauliza kama ni magadi, maana alikuwa na mlenda jikoni.