Kiingereza changu kina kasoro gani?

Nimefundisha Kiingereza sekondari miaka tisa. Nasahihisha insha hadi usiku wa manane, najua mwanafunzi anakwama wapi na kwa nini. Lakini nikitaka kwenda kufundisha Korea Kusini, hayo yote hayaulizwi. Wanaangalia jalada la pasipoti.

Viza yao ya walimu wa mazungumzo ya Kiingereza, E-2, kwa kawaida ni ya raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Ukitoka huko, kwa upande wa masomo shahada ya fani yoyote inatosha. Yoyote! Aliyesomea uhasibu na hajawahi kushika chaki anapita. Mimi niliyesomea ualimu wa lugha hiyohiyo nabaki mlangoni.

Inaniuma kwa sababu Kiingereza ni lugha rasmi Kenya, imeandikwa kwenye Katiba ya 2010, ibara ya 7. Hesabu, biolojia, historia, yote tuliyafanyia mtihani kwa Kiingereza. Tena aliyejifunza lugha darasani, akapambana na vitenzi vyake kimoja kimoja, anajua kumweleza mwanafunzi kwa nini kosa ni kosa.

Mwaka jana shule moja ya huko ilinihoji kwa video. Tulielewana vizuri, wakanisifu matamshi. Kisha wakauliza pasipoti. Barua pepe ya kunikataa ilifika kabla sijazima kompyuta.

Wanipe mtihani basi. Wanione nikifundisha kipindi kimoja tu, na wakinikataa, wanikatae kwa hicho.