Ngano Zirudi Jaladani

Chukua mkusanyiko wowote wa masimulizi ya watoto, na mara nyingi jaladani utakuta "Hadithi za Watoto", basi. Sina ugomvi na neno hadithi, ila limebeba mengi mno: masimulizi ya Mtume, hadithi fupi iliyoandikwa jana, hata visingizio vya mdeni.

Neno ngano lina kazi mahususi. Ni masimulizi ya mapokeo, yasiyo na mtunzi anayejulikana, yanayotambwa kwa mdomo. Ndani yake kuna hurafa, ambamo wanyama husema na kutenda kama watu, na hekaya, ambamo mjanja humzidi mwenzake akili. Wanafunzi wa fasihi simulizi huyakariri haya kwa ajili ya mtihani, kisha wakiwa wahariri huyasahau. Eti msomaji atadhani ni nafaka! Mtu aone sungura na fisi jaladani adhani ni kitabu cha kilimo?

Kinachonikera zaidi ni hilo "za watoto". Mwaka 1870 mmisionari Mwingereza Edward Steere alichapisha masimulizi aliyoyakusanya Zanzibar. Mojawapo ni la kima na papa: papa anataka kumpeleka kima kwao akatolewe moyo, naye kima anajiokoa, kisha anamsimulia kisa cha punda wa dobi, punda aliyeponea chupuchupu kwa simba akakubali kurubuniwa na sungura arudi, akauawa. Sungura akala moyo na masikio yake, akadai punda huyo hakuwa navyo, maana angekuwa navyo asingerudi. Mtoto atacheka. Mtu mzima aliyewahi kutapeliwa na mtu yuleyule mara mbili hatacheka sana.

Hata ndugu Grimm wa Ujerumani, waliotaja watoto kwenye jina la mkusanyiko wao wa 1812, walilaumiwa kwamba baadhi ya masimulizi hayo hayawafai. Wakaanza kuyalainisha. Katika kisa cha Snow White, mama mzazi aliyemwonea wivu binti yake, kufikia toleo la 1819 akageuzwa kuwa mama wa kambo.

Kwa hiyo "za watoto" mara nyingi ni uamuzi wa mhariri tu, wala si sifa ya masimulizi yenyewe. Kama kitabu kina ngano, jalada liseme ngano. Kama kimechanganya na hadithi zilizotungwa juzi, zitengwe. Na mkusanyaji ataje mtambaji, kwa ridhaa yake, na mahali alipomsikia. Ukurasa mmoja unatosha.