Tukienda Mongo, tushuke saa ngapi?

Wanaotaka visiwa vidogo vya Msimbati, Mtwara, vifunguliwe kwa wageni wana hoja nzito. Mongo na Namponda vimo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, eneo la kilomita za mraba 650 hivi, lililotangazwa mwaka 2000. Mvuvi ndiye aliyebeba gharama: nyavu fulani marufuku, kasa usimguse. Mgeni akikodi boti ya kijijini na kula kwa mama lishe wa hapo, angalau kasa aliye hai naye anamwingizia mvuvi kitu. Hili silipingi hata kidogo.

Wanaopinga nao hawasemi ovyo. Kasa jike huweza kumaliza miaka zaidi ya 20 kabla hajapanda ufukweni kutaga. Hupanda usiku, na akikutana na tochi au watu wanaotembea mchangani hugeuka akarudi majini. Vitoto vikitoka hufuata mwanga vikidhani ndiyo bahari, na moto wa kambi huvivuta nchi kavu.

Ila mimi linaloniumiza zaidi ni la ndege, na halizungumzwi. Msimu wa kaskazi, bahari inapokuwa shwari na safari nyepesi, ndipo pwani yetu imejaa ndege waliotoka Ulaya na Asia. Maji yakipwa hula kaa na minyoo kwenye tope. Maji yakijaa, hasa ya bamvua, yaani yale yanayojaa kupita siku nyingine, tope lote hufunikwa, nao hubanana kwenye kipande cha mchanga kilichobaki wapumzike. Saa hiyohiyo ndiyo nahodha anaipenda, maana boti inafika ufukweni bila kukwama. Abiria wanashuka, mmoja anakimbia na simu ili kundi liruke apate picha. Picha inapendeza kweli. Lakini ndege wale hawana pengine pa kutua, na mafuta wanayochoma wakizunguka angani ndiyo akiba yao ya safari ya kurudi.

Kuvifunga visiwa kabisa sikubali. Mtwara tunajua baruti ya kuvulia samaki ilivyoumiza matumbawe, na kwenye kisiwa kisichofikiwa na watu, mwenye baruti anafanya atakavyo. Wageni waende mchana na warudi mchana. Maji yakijaa wabaki botini, wawatazame ndege kwa mbali. Yakipwa washuke, hata kama ni kutembea kwenye maji ya magotini. Nahodha atasema muda unaongezeka na bei itapanda. Ni kweli, na ipande.

Kulala kisiwani ndiko kugumu. Wavuvi wa dago, yaani wanaopiga kambi mbali na kwao ili wavue, hulala visiwani tangu enzi za babu zao. Kumwondoa mvuvi, kisha mgeni akapiga hema palepale, ni dhuluma, na watu wa Msimbati hawatanyamaza. Marufuku ianze na mwenye hema, ndipo twende tukazungumze na mvuvi.