Semeni ni glavu gani

Asanteni kwa makala kuhusu altrenojesti, homoni ya kutengenezwa wanayopewa farasi na nguruwe majike ili kupanga majira yao ya kupandwa. Ila mmeandika "vaeni glavu" mkaishia hapo, na hapo ndipo penye hatari. Dawa hii huchanganywa kwenye mafuta, nayo hupenya glavu za lateksi. Ikishapenya, glavu huibana kwenye ngozi na mwili huifyonza kwa wingi zaidi. Zinazofaa ni za vinili au nitraili. Ikimwagikia mkono, nawa papo hapo kwa sabuni na maji.

Mwanamke inaweza kumvurugia hedhi na kumletea maumivu ya tumbo na kichwa. Mjamzito asiiguse kabisa, wala mtu aliyewahi kuganda damu kwenye mishipa. Inaniuma sana kazi hii inapoachiwa kibarua ambaye hakuna aliyemsomea hata karatasi ya maelezo.

Halafu kloprostenoli, dawa nyingine ya kupangia uzazi wa mifugo, hamkuitaja. Nayo hupita kwenye ngozi, inaweza kuharibu mimba, na mwenye pumu ikamziba pumzi. Tafadhali iongezeni.